Bi. Bertila Masolwa, Aliyekataa "Karibuni Wote"

Tarehe 30 Juni mwaka huu Bi. Bertila Masolwa anakabidhi funguo za chumba cha masoko cha ushirika wetu wa wafuga nyuki, baada ya miaka thelathini na miwili ya kazi. Alianza kama mpimaji asali kule Ipole, akamaliza kama afisa masoko hapa Tabora mjini. Katikati hapo alitugombeza sana, na mara nyingi tulistahili.

Wanachama wa zamani wanaukumbuka mwaka ule asali ilipotulalia ghalani. Mapipa yalijaa hadi mlangoni, na wafugaji wa Ipole wakaanza kusema wazi kwamba msimu ujao wanaacha mizinga, wanarudi kwenye tumbaku. Ushirika ulikuwa unakufa. Uongozi ukabandika tangazo lenye picha ya nyuki: asali yetu ni bora, karibuni wote. Wiki tatu zikapita, hakuja mtu.

Bi. Bertila, wakati huo bado mpimaji, akaingia kikaoni bila kuitwa. Akawaambia wazee kwamba sisi watu wa huku tunakaribishana mchana kutwa. Mtu anakaribishwa chakula akiwa njiani, anajibu asante, anapita zake. Huo ni uungwana tu, hakuna anayetegemea aketi kweli. Tangazo letu, akasema, limeshajibiwa asante. Mwenyekiti wetu, marehemu Mzee Modest, alinuna, lakini akampa wiki moja.

Akaandika upya: Jumamosi, saa mbili asubuhi, njoo nje ya stesheni ya Tabora, onja asali ya Ipole, uondoke na yako kabla ya saa sita. Watu wakafurika. Kumbe alisahau kuwaambia waje na vyombo! Asali iliondoka kwenye chupa za chai na sufuria za mama lishe, na babu mmoja wa Kaliua alipanda treni amekumbatia birika. Tangu siku hiyo hakuna tangazo letu lililotoka bila "lete chombo chako". Mapipa yaliisha kwa Jumamosi nne, na mizinga ya Ipole ipo mpaka leo.

Mimi Julieth, ninayerithi kiti chake, alinifundisha kwa kunichosha. Kila tangazo nililoandika alilipeleka stendi, akawasomea wauza karanga, kisha akauliza: "Sasa wewe utafanya nini?" Akijibiwa kwamba tangazo ni zuri, analichana mbele yangu. Alitaka mtu aseme nitakwenda mahali fulani, siku fulani. Tena jambo moja tu, kwani ukimpa mtu mambo matatu atasema ngoja kwanza nifikirie, na hapo umeshampoteza. Nimelia pale stendi mara mbili, mchana kweupe, na leo ninamshukuru kwa zote mbili.

Rasimu ya wasifu huu niliimaliza kwa kumwambia karibu ofisini wakati wowote. Nilipomsomea alicheka, akachukua kalamu, akaufuta mstari wenyewe. Haya mama, nimesikia. Ahsante kwa mizinga iliyobaki mitini. Tunakuombea afya, usingizi mwema na wajukuu wasiokuchosha. Na Jumatatu ya kwanza ya Agosti, saa nne asubuhi, njoo ofisini utusomee tangazo la msimu mpya kabla hatujalibandika. Lete kalamu yako nyekundu.