Walisema Uji Wangu Umeua

Bwana Yesu asifiwe, mama zangu, dada zangu, na nyie akina baba mliokaa kule mlangoni. Nimeombwa mara nyingi niyaseme haya nikakataa, maana bado hayajapoa moyoni.

Mie mtu wa milimani, mnanijua. Mume wangu alipopata kazi ya reli tukapanga chumba hapa Temeke, nyumba ya wapangaji wengi, ua mmoja. Vita ya Wazungu ndiyo kwanza imekwisha, sukari ya shida. Nikaanza kupika uji, alfajiri naupeleka kwenye njia ya Kurasini wanakopita makuli wa bandarini. Nautia asali niliyoletewa kutoka kwetu. Ndugu zangu, nawaambia, jua halijapanda sufuria tupu.

Jirani yangu naye aliuza uji pale pale. Tulikuwa watu wa kuazimana chumvi. Siku moja akaniuliza, "Shoga, asali gani hiyo inayowakusanya watu kama nzi?" Nikacheka. Nilidhani utani.

Kulikuwa na kijana mmoja kuli, mwembamba, wa kikohozi. Aliniita dada, na hakuondoka mpaka nimkwangulie ukoko. Asubuhi hiyo alipokea bakuli, akanywa kidogo, akakohoa, akaanguka miguuni pangu. Uji ukamwagikia kifuani. Alikuwa ananitazama, mpaka macho yakabaki wazi tu.

Hajazikwa, maneno yakaenea. "Yule mwanamke wa bara ana dawa ya biashara. Sasa dawa imedai kichwa."

Wapangaji wakaleta mganga uani. Ninywe kiapo, nikiwa nimeua tumbo litavimba. Mume wangu akaninong'oneza, "Kunywa yaishe, mama. Jumapili utatubu." Msicheke, aliniogopea. Nikasema mbele ya wote, "Mie nimebatizwa. Siapi kwa mganga, hata mkinifukuza."

Jirani yangu akapiga makofi. "Mmeona? Asiye na hatia anaogopa nini?"

Basi nikawa kama mwenye ukoma. Nikipita, watoto wanavutwa ndani. Mitungi inafunikwa. Na humu kanisani, mnisamehe, benchi langu lilikuwa na nafasi kulia na kushoto. Wengine mpo hapa leo.

Lakini hilo silo lililonitesa zaidi. Lililonitesa ni kwamba nilianza kuwaamini. Nilikuwa nikiinusa ile asali, nainusa tena. Bakuli alilolishika nililisugua mpaka rangi ikabanduka. Na nikiinama kupuliza moto, nasikia mtu anakohoa nyuma yangu. Nikigeuka, ukuta.

Mume wangu akafunga mizigo turudi kwetu. Nikapiga magoti jikoni, kwenye majivu. Nikasema, "Bwana, kama mkono wangu ulimuua, nionyeshe, nikaseme mwenyewe. Kama haukumuua, usiniache nikimbie." Sikusikia sauti yoyote. Ila nilipoinuka nilijua siondoki.

Nikapika. Nikakaa pale pale. Makuli wakapita upande wa pili wa barabara. Jioni nikamwaga sufuria nzima. Kesho yake nikapika tena, nikamwaga tena, nalia huku namwaga.

Ndipo jirani yangu akaja na bibi mmoja mwenye fimbo, amejitanda kaniki. Akapaza sauti makuli wote wasikie: "Huyu ndiye mama wa marehemu! Nimemtoa Kibamba aje amwone aliyemuua mwanawe!"

Nikaweka upawa chini, nikainama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ni wewe uliyekuwa ukimpa mwanangu ukoko?"

"Ni mie, mama."

Akanitazama sana. Kisha akakaa chini, palepale mavumbini, akanyoosha mkono. "Nipe uji."

Jirani akamshika bega. "Bibi, usinywe!"

Yule mama akauondoa ule mkono begani. Akasema "Bismillahi," akanywa mpaka chini, akapitisha na kidole bakulini.

"Mwanangu aliondoka kwangu anatema damu," akasema. "Nilimkataza kubeba magunia, hakusikia. Akija kuniona hadithi yake ni moja: 'Mama, kuna Mkristo mmoja kule ananitunza.' Kifo cha mwanangu kina uchungu wa kutosha. Msikifanyie fitina."

Kuli mmoja akavuka barabara. Akanipa bakuli lake bila kunitazama usoni. Nikamimina, nusu ukamwagika. Akaja mwingine.

Jirani yangu alibaki amesimama peke yake. Nilikuwa na neno kali mdomoni, tayari. Nikalimeza. Hajawahi kuniomba radhi. Tunasalimiana. Nimemsamehe, na asubuhi nyingine inabidi nimsamehe upya.

Kikohozi bado nakisikia, ndugu zangu. Siwadanganyi. Siku hizi nikikisikia namwombea.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mume wangu aliyefungua mizigo tukabaki. Namshukuru mke wa mwinjilisti, yeye tu alikuja kukaa nami kwenye benchi. Na yule mama, ambaye hakuwa wa dini yetu, akanitendea tuliyopaswa kutendeana sie.

Huenda hivi sasa mtaani kwenu kuna mtu anasemwa. Msingoje mfiwa atoke Kibamba na fimbo yake. Nendeni leo, mkaketi kwake, mle chakula chake.