Kijani cha Ukutani

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, msanii kijana aliingia kwenye treni amekumbatia kipande cha ukuta wa shule yake iliyobomolewa. Kilikuwa na rangi sita, moja juu ya nyingine, na siku hiyo kingetundikwa kwenye onyesho lake la kwanza.

"Kijani hicho changu!" akasema kwa mshangao fundi rangi aliyeketi mbele yake. "Kiliniishia nikipaka shule hiyo, nikaongezea bluu. Wewe umefanya nini hapo, binti?"

"Nimekwangua, baba, watu wawaone mliopaka."

"Watatuonaje, na kibandiko hapo chini kina jina lako tu?"

Msanii akatoa kalamu, akamwuliza jina lake.

"Mwandike na shemeji yangu," fundi alicheka. "Ndiye aliyenishikia ngazi."

Treni iliposimama walishuka wamekibeba kipande hicho pamoja, wakibishana jina la nani litangulie.