Mwalimu Subiri, Aliyetaka Kila Mtu Ajijibie

Tangu msiba uanze, kuna maneno yanayozunguka uani, kwamba marehemu alinyimwa upasuaji na mdogo wake wa kiume. Mume wa marehemu ameomba jambo hilo lisiachwe nje ya wasifu huu, na binti yao alisome yeye na mdogo huyo wakiwa wamekaa mbele. Litafika mahali pake.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1957, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na muuza mboga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Nyumbani walizungumza lugha ya kwao tu.

Alianza shule Januari 1964, akafundishwa kwa lugha ambayo hakuna mtu wa nyumbani aliyeijua. Siku ya kwanza mwalimu alimuuliza jina. Akiwa bado anaunganisha maneno ya swali, mtoto wa dawati la nyuma alimjibia, akataja jina lisilo lake. Likaandikwa. Baba yake alipokwenda kuulizia maendeleo ya bintiye, aliambiwa shule haina mtoto huyo. Ukoo mzima uliicheka hadithi hiyo kwa miaka. Yeye alicheka pia, ila hakuwahi kuisimulia mwenyewe.

Alipata shahada ya ualimu mwaka 1981 na ya uzamivu mwaka 1993. Hadi alipostaafu Juni 2019 alifanya utafiti chuo kikuu juu ya swali moja: mtoto anayeanza masomo kwa lugha ya nyumbani anajifunzaje lugha ya pili? Alikaa kwenye viti vidogo vya chekechea, kinasa sauti magotini, akiwasikiliza watoto wakihangaika na sentensi zao. Msaidizi aliyetaka kummalizia mtoto sentensi alinyooshewa kiganja cha kushoto, maana yake subiri. Hapo ndipo lilipotoka jina la Mwalimu Subiri, alilopewa na wanafunzi wake na ambalo hata wakuu wa chuo walilitumia akiwa hayupo.

Kanuni yake ya pili iliwaudhi wengi zaidi. Jibu lililopita kwa mkalimani hakulihesabu kuwa jibu. Mwaka 2002 alichelewesha mradi ili wasaidizi wake wajifunze kwanza lugha ya watoto watakaohojiwa. Wafadhili wakajitoa. Aliwaaga kwa adabu, akaendelea na wasaidizi wawili.

Aliolewa tarehe 12 Disemba 1987 na mpima ardhi, mtu wa lugha nyingine kabisa. Baina yao walitumia lugha ya shule, na ndiyo waliyomlelea binti yao wa pekee. Alipoulizwa kwa nini mtoto wake haijui lugha ya bibi yake, alijibu, "Nilikuwa bize na watoto wa watu." Mumewe, mwenye haraka ya kuzaliwa nayo, alimmalizia sentensi zake zote, isipokuwa alipoona kile kiganja.

Tarehe 9 Juni 2023 alipata kiharusi, akapoteza usemi wote. Wiki chache baadaye lugha ya kwao ilirudi. Ya shule haikurudi, wala hakuielewa tena aliposemeshwa. Kuanzia hapo mumewe alikaa pembeni ya kitanda kama mgeni, huku shemeji yake, fundi redio, ndiye yule mdogo wa marehemu, akitafsiri.

Mwezi Septemba daktari aligundua mshipa uliovimba kichwani. Upasuaji ungeweza kumwongezea miaka, na ungeweza pia kumwondolea usemi. Daktari alitaka jibu baada ya wiki mbili. Fundi redio alizungumza na dada yake, akatoka na neno moja: hataki.

Mumewe hakuamini. Mama mkwe wake, mama wa marehemu na fundi redio, alifariki akiwa mezani kwa madaktari wa upasuaji, na tangu siku hiyo shemeji huyu hakutaka kusikia habari za kisu. Ndugu wengine walioijua lugha hiyo walikuwa wa upande wa shemeji huyo. Kwenye korido ya hospitali, mbele ya wauguzi, mpima ardhi alimkumbusha kanuni ya marehemu kuhusu wakalimani, kisha akamtaka amfundishe lugha hiyo.

"Shemeji, kama mimi mwongo wa kutafsiri," fundi redio alimuuliza, "utaniaminije kwenye somo?"

"Kwa sababu nitayasema mbele yake. Ukinifundisha uongo, uso wake utaniambia."

Walisoma kwenye kibanda cha redio, asubuhi na jioni, bila kusalimiana. Hawakula pamoja. Mwalimu alikuwa na hasira, mwanafunzi alikuwa na shaka, na somo likaendelea.

Siku ya jibu mpima ardhi alivuta kiti karibu na kitanda akauliza mwenyewe, kwa sentensi iliyopinda kila mahali. Mlangoni shemeji yake alifungua mdomo kumsaidia. Mgonjwa akanyoosha kiganja cha kushoto. Mumewe akaimaliza sentensi yake mwenyewe.

Mgonjwa alijibu polepole. Mumewe akaomba arudie, akarudia.

"Nimebaki na lugha moja. Wakinipasua naweza kubaki bila hata hiyo. Niacheni nayo."

"Ni maneno yako?"

"Yangu. Na wewe unaongea kama mtoto wa chekechea."

Mpima ardhi alitoka akamwambia daktari hapana. Kisha akamshika shemeji yake mkono, na kesho yake akarudi kibandani kwa somo jingine. Wanandoa hao walizungumza kwa lugha hiyo hadi alfajiri ya tarehe 19 Februari 2024, mshipa ulipopasuka, akafariki nyumbani kwake.

Hakuna aliyemjibia. Mwenye neno jingine amuulize mumewe, aliyemsikia.

Ameacha mume, binti mmoja, wajukuu wawili, na mdogo wake, fundi redio, ambaye familia inamtaja hapa kwa heshima na shukrani. Apumzike kwa amani, na asikatizwe tena.