Waya Uliofukuliwa

Mshonaji mmoja alikuwa amekaa ndani ya basi nyuma ya abiria wawili, masikio ameyatega. Mmoja wao, bibi mkulima, alikuwa akimsimulia bwana asiyemjua aliyekaa kando yake: "Wapimaji walifukia waya shambani kwangu. Nikaufukua, nikautumia kuanikia nguo."

Bwana akashika kichwa. "Bibi, mpimaji mwenyewe ndiye mimi! Waya ule unapokea umeme wa ardhini, tupate picha ya mawe yaliyoyeyuka huko chini. Kwenye picha, kote moto umeonekana, ila shambani kwako pana giza tupu, na Jumatatu bosi anataka tuchimbe kisima cha mvuke wa kuzalisha umeme hapo hapo, kwa kubahatisha."

"Mchimbe? Mume wangu kalala hapo miaka sita sasa, na hata enzi za uhai wake hakupenda kuamshwa."

Mshonaji akameza kicheko. Basi likasimama. Wakashuka wakibishana, bwana akiomba angalau aonyeshwe kaburi liko upande gani.