Tarumbeta Iliyotetemeka Falls Church

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, Adelphi, Shaw, Falls Church, kazini au jikoni, karibuni tumkumbuke Phineas Mwirigi. Phineas, mpiga tarumbeta. Alituacha Jumanne iliyopita kwa maradhi ya figo, akiwa na miaka hamsini na miwili.

Wengi mlimjua kwa albamu yake moja. Jazi yenye tarumbeta mbili zinazokwenda bega kwa bega, nyepesi, za furaha, kwa mtindo wa Meksiko. Mtindo huo alifundishwa na mzee Eusebio, Mmeksiko ambaye Phineas alikuwa akimhudumia kwenye nyumba ya wazee alikofanya kazi. Phineas akimnyoa ndevu, mzee anaimba sauti ya kwanza, Phineas anajibu ya pili kwa mluzi.

Lakini albamu hiyo, wasikilizaji wapendwa, ilizaliwa katika hofu. Ilikuwa Oktoba 2002. Mnakumbuka. Watu walikuwa wakipigwa risasi kutoka mafichoni, mchana kweupe, hapa hapa kwetu, Washington na viunga vyake. Mtu anatia petroli, anaanguka. Shuleni watoto hawakutolewa nje kucheza.

Phineas na mkewe Nkatha walikaa Adelphi. Studio ilikuwa Falls Church, na bendi ilikuwa imepewa Jumamosi moja tu.

"Baba Makena, usiende," Nkatha alimwambia. "Tarumbeta haikimbii."

"Studio ndiyo itakimbia."

"Basi twende wote. Mimi sitakaa hapa kungoja simu."

Walimwacha binti yao Makena kwa jirani, wakashika Beltway, barabara kuu inayozunguka jiji. Ilisemekana wauaji wanatumia gari jeupe la mizigo, basi kila lilipowapita moja, Nkatha aliinamisha kichwa. Wakiwa kwenye barabara ya Route 50, taa ya petroli ikawaka. Hawakuwa na budi kusimama kwenye kituo cha petroli.

Phineas alishuka ameinama, akajibanza kati ya gari na pampu. Nkatha alijikunja chini ya kiti, midomo ikisali bila sauti. Mara, paa! Phineas akaanguka chini.

"Nilijua nimeshakuwa mjane," Nkatha alituambia juzi. "Nilitambaa hadi alipo. Nikampapasa kichwa, mgongo, natafuta damu. Akaninong'oneza, 'Nkatha, mimi mzima. Nimejilaza tu.'"

Lilikuwa tairi la lori, limepasuka. Tairi tu. Lakini walilala pale kwenye lami, wameshikana, mpaka mwenye kituo akaja kuwainua.

Studio walifika wamechelewa. Solomon, Mtanzania aliyepiga tarumbeta ya pili, alikuwa akiwangoja mlangoni. Phineas akajaribu kupuliza, ikatoka hewa tupu.

"Kaka, midomo imegoma."

"Pumua kwanza," Solomon akamwambia. "Nitakwenda na wewe pole pole. Ukitetemeka, natetemeka nawe."

Wakapiga hivyo. Wimbo wa kwanza ulipoisha, fundi wa sauti alitaka kuufuta waanze upya. Phineas akakataa. "Uache. Leo ndivyo tulivyo."

Siku chache baadaye wahusika walikamatwa. Watu walirudi kutia petroli wakiwa wamesimama wima. Albamu ilipotoka, wengi tulidhani ule mtetemo wa wimbo wa kwanza ni madoido.

Nkatha hakuwahi kuusikiliza. Kwenye harusi, kwenye picnic, ukianza tu, yeye hutoka nje. Miaka saba. Jumatano hii, nyumba imejaa watu wa msiba, Makena aliuweka. Akamwambia mamake, "Mom, stay. Please." Nkatha akakaa. Akausikiliza mpaka mwisho, amemshika mwanawe mkono.

Mama Makena, pole sana. Makena, pole. Solomon, pole kwa kumpoteza mwenzio. Mungu awape nguvu.

Nasi tuliobaki, tutafakari. Humo nyumbani mwetu kuna anayetoka kila asubuhi akiwa na hofu, wala hasemi. Muulize leo, kabla hajafunga mlango.