Mwalimu Zdravko na Saa ya Kuchoma Mafuta

Wasikilizaji wapendwa, tangazo la msiba mmeshaliona kwenye mlango wa duka la mikate. Ndiyo, ni yeye. Mwalimu Zdravko Mutafov ametutoka Alhamisi, akiwa na miaka themanini na moja. Alifundisha michezo hapa Dolni Izvor miaka thelathini na sita. Nami nilikuwa mwanafunzi wake. Alinipigia filimbi sana, hata leo birika likilia jikoni, miguu yangu inataka kukimbia.

Mwalimu Zdravko aliamini jambo moja: mazoezi ni ya asubuhi, saa kumi na mbili, kabla ya kula. "Tumbo likiwa tupu, mwili unachoma mafuta yake," alikuwa akisema. "Jioni unachoma banitsa, ile pai ya jibini uliyokula mchana, na banitsa haiishi." Kila asubuhi alipanda ngazi mia na arobaini za mnara wa saa. Akifika juu anaweka vidole viwili shingoni, anahesabu mapigo, anaandika. Akishuka anapuliza filimbi chini ya madirisha ya wastaafu. Waliommwagia maji tunawajua, ila leo hatuwataji.

Mkewe, Bibi Tsonka, alitaka kitu kimoja tu. Alitaka kutembea na mumewe kwenye stargalo, yale matembezi yetu ya jioni kwenye barabara kuu, kwenda na kurudi, mkono kwa mkono, watu wakiwaona. Mwalimu alikataa.

"Kule watu wanatembea kama wamebeba trei ya mayai," alisema. "Hata moyo haujui kama umetoka nyumbani."

Miaka arobaini na tatu, wasikilizaji. Miaka arobaini na tatu Bibi Tsonka alitembea na wifi yake.

Alipofika miaka sabini na nne, moyo wa mwalimu ukaanza kumsumbua. Daktari akamwambia: panda ngazi polepole, mara moja tu kwa siku. Chagua asubuhi au jioni. Mwalimu akasema atachagua kitaalamu. Wiki mbili apande asubuhi, wiki mbili jioni. Ngazi zile zile, viatu vile vile.

Binti yao Vesela anakumbuka: "Nilimwambia, baba, jioni ngazi zina giza, huendi peke yako. Mama atakusindikiza."

Matokeo yakatoka. Asubuhi, mapigo mia na nne kwa dakika. Jioni, mia na ishirini na moja. Mwalimu akaenda zahanati na daftari lake, uso umemshuka: jioni imeishinda asubuhi yake.

Muuguzi Rumyana akamweleza. "Jioni mwili umeshapata joto, mwalimu, mapigo hupanda kidogo. Lakini si kumi na saba. Jioni unapanda na nani?"

"Na Tsonka."

"Mnaongea?"

"Anaongea yeye. Mimi najitetea."

"Hebu panda jioni bila yeye."

Akapanda bila yeye. Mia na saba. Akapanda naye tena. Mia na ishirini na moja.

"Basi mwalimu," Rumyana akasema, "hiyo si saa. Huyo ni mkeo."

Mwalimu akachagua jioni. Kwa sababu za kitaalamu tu, alisisitiza, kalori ni kalori. Na siku ya kwanza, waliposhuka mnarani, akamwambia mkewe kwamba mwili unahitaji kupoa taratibu, na barabara kuu ni tambarare. Nilikuwepo. Bibi Tsonka alikuwa na koti la kahawia na midomo imepakwa rangi. Alimshika mumewe mkono, na barabara nzima ikageuka kuwatazama. Sioni aibu kusema nililia.

Walitembea hivyo miaka saba. Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, mwalimu alilala kwenye kiti chake na hakuamka.

Jana nilimuuliza Bibi Tsonka niseme nini redioni.

"Usiwaambie alikuwa malaika, watakucheka," akasema. "Waambie alichelewa, lakini alikuja."

Pole sana, Bibi Tsonka. Pole, Vesela, na ukoo wote wa Mutafov. Mungu amlaze mahali pema.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, tafakarini kidogo. Kama nyumbani kuna mtu anayekusubiri mtoke pamoja, leo jioni vaa viatu. Mapigo atakuhesabia yeye.