Kilo Arobaini na Mbili za Gadiel Akyoo

Ndugu yetu Gadiel Akyoo alizaliwa hapa Nkoaranga tarehe 14 Machi 1956, mtoto wa tatu kati ya saba. Alisoma shule ya msingi hapa hapa, kisha ufundi mitambo mjini Arusha hadi mwaka 1977. Walimu waliandika kwamba ni mkimya na mbishi. Ukimya ulimwisha, ubishi ng'o.

Kuanzia 1978 hadi 1999 alikuwa karani wa mizani wa ushirika wa kahawa. Wengi mliopo hapa mliwahi kusimama mbele yake na mzigo, na mnajua: alisoma kilo, akatoa moja ya gunia, akaandika. Kumbembeleza ilikuwa kazi bure. Tarehe 8 Desemba 1984 alifunga ndoa na Elinipa, na msimu uliofuata mama mkwe alileta kahawa yake akitabasamu. "Shikamoo, mama," alisema Gadiel, "ila gunia hatunywi." Akatoa kilo moja. Elinipa alinuna wiki nzima.

Ghala la ushirika lilipofungwa, aliinunua mizani ile na kwenda kufanya kazi Usa River, kwenye gereji ya rafiki yake Gurmeet. Huko akakutana na injini ya gari isiyo na pistoni, ambayo ndani yake huzunguka rota ya pembetatu. Jamani, ilimteka! Alirudi nyumbani akasema atatengeneza ndege ya viti viwili, azunguke Mlima Meru na mke wake mara moja tu. Tulicheka. Mwaka 2014 ndege ilikuwa imesimama bandani, na hatukucheka tena.

Ikabaki nguvu ya injini. Gurmeet aliondoa kabureta, akafunga nozo za kunyunyizia petroli. Zikimwaga nyingi, moshi mweusi. Zikibana, injini inachemka. Ili kupima, Gadiel aliifungia injini mkono wa chuma unaokandamiza mizani ya kahawa: nguvu ikizidi, kilo zinapanda. Yeye alishika mafuta, Elinipa akasoma. Kwa kuwa kelele zilimeza sauti, Elinipa aliandika kilo na tarehe ukutani kwa chaki, naye mume wake akanakili kwenye daftari.

"Unataka ngapi, baba Irine?" aliuliza mara nyingi.

"Sikwambii. Mtu akijua unachotaka, atakusomea hicho."

Kila mara alifunga daftari na kusema, "Bado kidogo, mama." Kisha akarudi kwenye nozo zake, miaka nenda miaka rudi.

Mwaka 2023 moyo ulianza kumsumbua. Miguu ilivimba, pumzi ikakata. Madaktari walijitahidi, nasi tukabaki kumtazama tu. Mwezi uliopita aliomba abebwe hadi bandani. Aliishika ndege bawa, akasema, "Nguvu haikutosha." Alifariki Jumanne, tarehe 10 Februari 2026, akiwa na miaka sitini na tisa.

Juzi, tukitafuta tarehe za kuandika wasifu huu, Irine alifungua daftari palepale bandani. Ukurasa wa kwanza: "Nikipata kilo 42, narusha." Akaendelea kusoma: "21 Juni 2019, kilo 41."

"Hapana," alisema Elinipa, akaonyesha ukuta. Chaki ilisema 42. Kipimo kilichofuata, ukuta ulisema 42, daftari 41. Tulilinganisha mpaka mwisho, na kila mahali ilipungua kilo moja.

Elinipa ndiye aliyeelewa. Alikaa chini kwenye saruji. "Gunia," alisema. "Alikuwa anatoa gunia. Mkono wake ulizoea." Kisha akatuuliza, "Sasa nimwambie nani?"

Miaka minne alikuwa mzima na injini ilitosha. Inauma, na hakuna wa kulaumiwa.

Ameacha mjane, Elinipa, watoto wawili, Irine na Mikaeli, wajukuu watano, na Gurmeet, aliyekaa nasi msibani siku zote hizi.

Pumzika kwa amani, Gadiel. Mke wako ameomba tukusomee hili kabla ya udongo: ilikuwa arobaini na mbili, baba Irine. Hapakuwa na gunia.